Protoni na Nyutroni katika Kiini cha Atomu

Kiini cha atomu, ambacho upana wake haufiki sehemu 1 kwa 10,000 ya upana wa atomu yenyewe, kimekusanya protoni, zenye umeme chanya, na nyutroni, zisizo na umeme, ambazo James Chadwick wa Uingereza alizithibitisha mwaka 1932. Kwa kuwa protoni hufukuzana, hapana budi iwepo kani ya kuzifunga pamoja. Nayo ni kani ya kiini, iliyo shadidi mno katika masafa ya femtomita 1 hadi 2, ila hufifia upesi masafa yakizidi, na chembe zikisogeleana kupita kiasi hugeuka ikazisukuma.

Mtu angedhani kwamba chembe zilizosongamana hivyo hazina pa kujongea. Kumbe kila moja huenda katika daraja yake ya nishati, kwani kanuni ya Pauli haiziruhusu protoni mbili, wala nyutroni mbili, kushika hali moja. Daraja zikijaa, kiini huwa madhubuti zaidi. Hesabu za protoni au nyutroni zinazojaza daraja hizo ni 2, 8, 20, 28, 50, 82 na, kwa nyutroni, 126. Siri ya hesabu hizo, iliyotatanisha kwa muda, ilifumbuliwa mwaka 1949 na Maria Goeppert Mayer huko Marekani na Hans Jensen na wenzake huko Ujerumani, walioonyesha kuwa spini ya chembe hufungamana na mzunguko wake. Ndiyo maana bati, yenye protoni 50, ina isotopu thabiti 10, idadi isiyofikiwa na elementi nyingine yoyote.

Nyutroni iliyo peke yake huvunjika baada ya wastani wa dakika 15 hivi. Ndani ya kiini thabiti hudumu.