Mzigo Usio Wako ni Amana

Mwaka 1995 nilitumia wiki sita kukitafuta kifurushi kisichofika hata kilo moja. Ndani yake hamkuwa na fedha wala nguo. Mlikuwa na karatasi za kazi za marehemu baba yangu: barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo na vyeti vya ualimu, zote zile za asili, zenye mihuri na sahihi. Baba alikuwa amestaafu baada ya kufundisha katika shule za msingi za Ufipa kwa zaidi ya miaka thelathini, na pasipo karatasi hizo asingeweza kuthibitisha hata siku moja ya utumishi wake. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alizichukua ili afuatilie mafao huko makao makuu, kisha akazirudisha nyumbani kwa posta, kwa rejista.

Nyumbani kwetu ni Pito, katika Manispaa ya Sumbawanga. Msomaji aliyezoea nchi ambazo mpeleka barua hugonga mlango huenda asielewe jinsi mzigo ulivyotufikia sisi. Kwetu posta haikuja mlangoni. Barua ilikwenda kwenye sanduku mjini, na sanduku moja lilibeba watu wengi: shule nzima, parokia nzima, au ukoo mzima. Sisi tulitumia sanduku la jamaa yetu mwenye duka mjini. Barua zikifika, yeye huziweka chini ya mizani mpaka apite mtu wa Pito. Kwa hiyo ile S.L.P. iliyoandikwa juu ya bahasha haikuwa nyumba yetu. Ilikuwa ni mtu anayetufahamu.

Tulisubiri wiki mbili, tukasubiri ya tatu. Nilimwandikia kaka, akanitumia namba ya stakabadhi. Nikapanda baiskeli asubuhi moja ya kipupwe, upepo wa Ufipa ukinikata masikio, nikaenda kusimama kwenye dirisha la vifurushi. Karani alifungua kitabu chake, akateremsha kidole, akasema, "Huu ulifika. Na umekwisha kuchukuliwa, mtu ametia sahihi."

Nikamwomba anionyeshe namba ya sanduku. Ndipo nilipoona. Kaka alikuwa amegeuza tarakimu mbili za mwisho. Kosa lilikuwa letu wenyewe. Nilimwuliza karani sanduku hilo ni la nani, akatikisa kichwa: "Siruhusiwi kukutajia, ndugu yangu. Lakini andika barua, nitaitia humo." Nikaandika pale pale, nimeegemea kaunta, barua kwa mtu nisiyemjua jina, ambaye kwangu alikuwa namba tu. Kisha nikarudi Pito kumweleza baba.

Baba hakunifokea. Alikaa kimya kitambo, kisha akaanza kunisimulia historia, kama ilivyokuwa desturi yake kila jambo lilipomzidi. Alinisimulia habari za David Livingstone na mizigo yake. Tangu siku ile nimesoma zaidi juu ya jambo hilo, na hapa ninaliandika kama ninavyolielewa sasa.

Livingstone alikuwa akizunguka bara akitegemea vitu alivyopelekewa kutoka Unguja mpaka Ujiji: nguo, shanga na dawa. Hizo ndizo zilizokuwa fedha zake. Alipofika Ujiji Machi 1869 alikuta sehemu kubwa ya mali yake imekwisha kuibwa. Akaenda Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na aliporudi Oktoba 1871, mgonjwa na amechoka, alikuta hali mbaya zaidi. Shehena mpya ilikuwa imefika Ujiji kweli, mahali palepale palipokusudiwa. Lakini mtu aliyekabidhiwa kuitunza, aliyeitwa Sherifu, alikuwa ameiuza yote. Livingstone aliandika kwamba katika yadi 3,000 za nguo haikubaki hata moja, na katika ratili 700 za shanga haukubaki hata uzi mmoja. Alipoulizwa, Sherifu alijitetea kwamba alikuwa amepiga ramli, ikamwonyesha kuwa mwenye mali amekufa.

Wakati huohuo barua zake nazo zilikuwa zimekwama. Mfuko wa barua uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870 huko Unguja ulikutwa na Henry Morton Stanley umelala Unyanyembe, karibu na Tabora. Ni Stanley aliyeuchukua mpaka Ujiji na kumkabidhi mwenyewe. Ulikuwa umekaa njiani takriban mwaka mzima. Anwani haikuwa na kosa hata kidogo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuona mzigo wa mwenziwe kuwa unamhusu.

Hapo baba alinyanyua kidole, kama yuko darasani. "Sasa sikiliza upande wa pili," akasema. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo Zambia. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na Jacob Wainwright aliyejua kuandika, wangeweza kumzika wakaenda zao. Hakuna aliyewaamuru wafanye zaidi. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakaubeba kuelekea pwani. Safari yao iliwapitisha hukuhuku kwetu Ufipa. Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Mbele yake wenyeji walipoogopa kupitishiwa maiti, walifanya kana kwamba wanairudisha, wakaufungasha mwili upya ufanane na mtumba wa nguo, wakasonga mbele. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili mwaka huo alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, baada ya daktari kuutambua mwili kwa mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba.

"Mzigo mmoja ulikuwa na anwani, ukapotea," baba akasema. "Mwingine haukuwa na anwani, ukafika." Kisha akainuka akaenda kulala. Mimi nilibaki nje nikijiuliza karatasi zetu zimeangukia kwa Sherifu au kwa Susi.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa, wala halikutokana na barua yangu. Jioni moja aliingia uani mzee mmoja mwenye koti la mvua, anasukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli pamefungwa bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni. Akapiga hodi, akaamkiwa, akakaribishwa kiti. Hakusema lililomleta mpaka alipokwisha kunywa maji. Ndipo alipojitaja jina. Lilikuwa jina la baba yangu, yote mawili, la kwanza na la ukoo.

Alitoka katika kijiji kilichoko chini kabisa ya ukingo wa uwanda wetu, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa. Sanduku lile lilikuwa la shule ya kijiji chao. Mwalimu wao alipokwenda mjini kuchukua barua aliona jina analolijua, akatia sahihi bila wasiwasi, akampelekea mzee mzigo. Mzee alifurahi, maana hajawahi kupata kifurushi maishani. Akakata kamba. Kwa kuwa hakusoma sana, alimwomba mwalimu amsomee. Mwalimu alisoma barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila moja ilimtaja yeye kuwa mwalimu wa shule fulani.

"Nilimwambia mwalimu, jina ni langu, lakini kazi hii sikuifanya mimi," mzee alitueleza.

Juu ya bahasha hamkuwa na jina la Pito, ila jina la mtu, namba ya sanduku na Sumbawanga. Lakini ndani mlikuwa na majina ya shule zote alizopata kufundisha baba, moja baada ya nyingine kwa miaka yake. Basi mzee akazifuata. Alianza na iliyokuwa karibu na bonde, akaulizia. Wakamwelekeza ya pili. Huko wakamwambia amehama zamani. Hivyo hivyo, shule kwa shule, alipita njia ya utumishi wa baba yangu mpaka akakutana na mtu aliyesema, "Yule amestaafu, yuko kwao Pito." Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Sherifu aliuliza ramli. Mzee huyu aliuliza watu.

Baba alizihesabu karatasi. Haikupungua hata moja. Akauliza, "Somo yangu, kwa nini umejitaabisha hivi?"

Mzee akajibu, "Nilipoona miaka ya mtu yote imo katika bahasha moja, nilijua mwenyewe halali usingizi."

Usiku ule alilala kwetu. Tangu hapo waliitana somo, wakawa wanatembeleana, huyu anapeleka maharage na ulezi, yule analeta mchele na samaki wa bondeni. Mwaka uliofuata baba alianza kulipwa pensheni. Alipofariki, miaka kumi na minne baadaye, somo yake aliketi matangani pamoja na wafiwa, na hakuna aliyemwuliza ni ndugu kwa upande gani.

Mwaka uleule wa 1874 aliozikwa Livingstone, nchi kadhaa zilikutana Bern, Uswisi, zikaanzisha umoja ambao leo ndio Umoja wa Posta Ulimwenguni. Mwaka 1890 Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo. Baadaye tukapata masanduku yetu na namba zake, na mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, nyumba nchini zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Siku hizi mzigo wa basi huandikwa namba ya simu, na kondakta hupiga kabla gari halijaingia stendi. Mimi nayashukuru maendeleo hayo yote, kwa kuwa najua taabu ya kusimama dirishani na kuambiwa kwamba mtu mwingine ametia sahihi.

Lakini namba hata iwe nzuri vipi, siku moja mtu ataigeuza, kama kaka yangu alivyoigeuza. Siku hiyo mzigo utakuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuna anayemwona. Nikiletewa kitu kisicho changu, hukumbuka baiskeli ile iliyopanda kutoka bondeni, nami huvaa viatu nikaenda kuuliza.