Vigango Havina Stoki

Kuna watu wanaokusanya vishikio vya majeneza. Wenzao wanakusanya stempu au raba za zamani. Hawa wanatafuta mabamba ya majina, skrubu za mapambo na misalaba ya shaba iliyotengenezwa kwa ajili ya sanduku la kwenda chini ya udongo. Mwambie rafiki yako wa Nairobi kwamba umetundika bamba la jeneza sebuleni, na atakuuliza kama uko sawa. Lakini vitu hivi vina historia yake, na historia hiyo ndiyo iliyonisaidia kuelewa jambo lililotupata huku Pwani.

Twende kwanza Birmingham, Uingereza. Kampuni ya Newman Brothers ilianza huko mwaka 1882, na kuanzia 1894 ilikuwa na kiwanda chake Fleet Street. Bati jembamba la shaba liligongwa kwa mashine juu ya kalibu, likatoka na maua, malaika au msalaba. Vishikio vya jeneza la Winston Churchill, aliyezikwa mwaka 1965, vilitoka hapo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1998, na tangu 2014 jengo lenyewe ni makavazi. Ukiingia unakuta rafu zimejaa bidhaa ambazo hazikuuzwa, bado zimefungwa kwenye karatasi.

Kila alama ilikuwa na maana yake. Mwanakondoo aliwekwa kwa mtoto. Nanga ilikuwa tumaini. Mganda wa ngano ulikuwa wa mtu aliyeishi miaka mingi, manake zao lake lilikuwa limekomaa. Mikono miwili iliyoshikana ilikuwa ya kuagana. Hata skrubu zilikuwa na adabu: zilikazwa kwa vidole, kwa hivyo hapakuwa na haja ya kupiga misumari wafiwa wakisikia.

Kule Marekani, hasa kaskazini mashariki, familia nyingi za karne ya 19 zilibandua bamba la jina kabla ya jeneza kushushwa, zikaenda nalo nyumbani. Lilikuwa kumbukumbu. Kama hilo linakushangaza, ebu fungua Biblia ya mama yako. Kuna uwezekano mkubwa humo ndani utapata programu ya mazishi ya mtu, picha yake juu, tarehe mbili chini. Sisi tunaweka karatasi, wao waliweka bati.

Sasa swali langu kwa mkusanyaji yeyote ni moja tu: hiki kitu kimetoka wapi? Kwa vyombo vya majeneza, jibu mara nyingi ni safi. Ama ni stoki iliyobaki kiwandani au kwa mwenye duka la majeneza, ama ni bamba ambalo wafiwa wenyewe walilibandua na wajukuu wakaliuza. Njia ya tatu ni kufukua kaburi, na hata mkusanyaji mwenye tamaa anajua hiyo ni wizi.

Ndiyo maana vigango vinaniuma.

Upande wa mama mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, umechongwa kwa kisu, una kichwa juu na mistari ya pembetatu kifuani. Hachongewi kila mtu. Ni cha mwanamume aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, ambacho mtu aliingia kwa gharama na karamu. Na hakisimamishwi siku ya mazishi wala juu ya kaburi. Muda hupita, kisha marehemu anamjia mtu wa nyumbani ndotoni, au boma linaanza kuandamwa na ugonjwa na balaa, na mganga anasema mzee anataka mahali pake. Hapo ndipo kigango kinachongwa, kinasimamishwa ndani ya boma, kinafungwa vitambaa na kumwagiwa mnazi.

Hawe wangu, yaani nyanya, akizungumzia vigango vya boma la zamani, hasemi "vilikuwa vitatu." Anasema "walikuwa watatu." Nilimuuliza, hawe, si ni mbao? Akanijibu: "Mbao ni ile ya kitanda." Basi somo likaishia hapo.

Kuanzia miaka ya 1970 wafanyabiashara wa vitu vya sanaa waligundua kwamba wateja wa Marekani wanapenda mbao hizi. Vijana wasio na kazi walizing'oa usiku, wakaziuza kwa hela kidogo, nazo zikapitia madukani Mombasa na Malindi hadi ng'ambo, bei ikipanda kila hatua. Mamia zikaishia kwenye makavazi ya Marekani, nyingi zikiwa zawadi kutoka kwa matajiri.

Wauzaji walikuwa na utetezi wao: vigango vilikuwa vimetelekezwa, familia zilishahama. Ni kweli familia zilihama. Lakini kigango hakihamishwi. Kikishasimamishwa, kinaachwa hapo hadi mchwa na mvua vikimalize. Kukiacha ndiko kukitunza. Na hapa ndipo tofauti na Birmingham inapoonekana: hakuna kiwanda kilichobaki na rafu ya vigango visivyouzwa. Tukiacha vile vinavyochongwa kwa ajili ya watalii, kila kigango kilichoko sebuleni kwa mtu kiling'olewa mahali fulani, na kilikuwa na jina.

Jina hilo ndilo gumu kulirudisha. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, mtafiti huyo akaja kuvitambua katika makavazi mawili ya Marekani, kimoja Illinois na kingine Hampton, Virginia. Picha ikawa ushahidi. Cha Illinois kiliachiliwa mwaka 2006, cha Hampton mwaka uliofuata. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki, lakini boma lilijulikana.

Linganisha na vile 30 vya makavazi ya Denver. Hakuna sheria ya Marekani iliyowalazimisha kuvirudisha, lakini waliamua hivyo, na mwaka 2019 vikafika Kenya. Jambo zuri sana. Ila havikuja na picha wala jina la boma. Vimerudi nchini, havijafika nyumbani. Mzee wa nani huyu? Amwagiwe mnazi na nani?

Kwa hivyo ukiona kigango cha zamani dukani, au kimesimamishwa kama pambo kwenye hoteli ya ufuo, usianze na bei. Uliza kilisimama boma la nani. Muuzaji akishindwa kujibu, usinunue.

Na kama kwenu bado wamesimama, nenda na simu yako. Omba ruhusa ya wazee kwanza. Piga picha, andika jina la marehemu, jina la aliyemsimamisha na jina la kijiji, kisha uiache nakala kwa ndugu zaidi ya mmoja. Mzee asing'oke pale alipo. Akiibwa, angalau atakuwa na anwani ya kurudia.