Zidaka na Boriti: Kuzisoma Nyumba za Mawe Pamoja na Al-Inkishafi

Mwalimu mwenzangu, kama unafundisha fasihi mbali na bahari, kama tunavyofanya sisi huku Sindo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, bila shaka umeona jinsi wanafunzi wanavyoipokea Al-Inkishafi. Huielewa upesi kama mawaidha: dunia ni hadaa, mali huisha, mauti hayana mlango wa nyuma. Wakishasema hayo hufunga kitabu. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji wa aina hiyo huiacha nje nusu ya utenzi, nayo ni ile nusu iliyojengwa kwa mawe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 19, hakuzungumzia mali kwa jumla tu. Mbele ya macho yake palikuwa na mji, Pate, ambao fahari yake ilikuwa imekwisha, na alizitaja sehemu za nyumba zake kama mtu anayepita chumba baada ya chumba.

Chukua mfano wa zidaka. (Kwa Kiamu, kidaka kimoja, zidaka vingi, ni ngeli ile ile ya KI-VI, wanafunzi wasibabaike.) Hivi ni vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, katika ukuta wa chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya mwungwana. Humo vilipangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina na kwingineko. Mgeni wa kawaida hakufika huko; yeye alikomea kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, au alikaribishwa sabule, chumba cha wageni. Basi mshairi anapotuonyesha makinda ya ndege wamelala palipokaa sahani, hasemi tu kwamba nyumba imechakaa. Anasema kwamba kiumbe wa porini amefika mahali ambapo hata jirani hakuruhusiwa kufika. Mwanafunzi asiyejua mpangilio wa nyumba atawezaje kuipata kejeli hiyo?

Kufika Pate ni safari ya mashua, na nauli ya basi zima la wanafunzi kutoka huku ni jambo la kuombea harambee. Lamu yenyewe, ambayo mji wake mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, bado ina nyumba zenye zidaka. Lakini kwa shule nyingi, penye nafuu ni Gedi, karibu na Malindi, magofu ambayo yaliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2024. Mji huu ulistawi hasa katika karne ya 15 ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399, na nyumba ambazo wachimbaji walizipa majina kutokana na walichokiokota: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure.

Ukifika, nakusihi uanze na msikiti mkuu. Wengi wetu tukitajiwa majengo ya Kiislamu huwaza yale ya Andalusia: msikiti wa Cordoba ulioanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 8, na matao yake yanayojikunja ndani mfano wa kwato ya farasi, au jumba la Alhambra kule Granada. Ukienda Gedi na picha hizo kichwani utavunjika moyo dakika ya kwanza. Hakuna mnara wa mwadhini. Matao yamechongoka juu na hayana mbwembwe. Mimbari ni ya mawe, vidato vitatu tu. Nguzo ni nene, za pembe nne, nazo zimesongamana. Safu ya katikati imeelekea mihirabu moja kwa moja hata ikaiziba isionekane na waliosimama nyuma.

Kwa nini fundi azibe mihirabu? Jibu liko kwenye boriti. Paa la nyumba ya mawe ya Waswahili lilikuwa bapa, zito, la mawe na chokaa, likibebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kubeba mzigo huo ikivuka nafasi inayozidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya Gedi na Lamu ni virefu na vyembamba kama ushoroba, na ndiyo maana msikiti mpana ulihitaji msitu wa nguzo. Kipimo cha jengo zima kilitoka mikokoni. Mawe nayo ni matumbawe: yale laini ya baharini yalichongwa yangali mabichi, kisha yakagumu yalipokauka, na mengine yakachomwa kupata chokaa. Hakuna katika hayo kilicholetwa kwa jahazi kutoka ng'ambo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna kosa la zamani ambalo bado linatembea madarasani. James Kirkman, aliyechimba Gedi kati ya 1948 na 1958 na ambaye kazi yake haipuuziki, alikiita kitabu chake cha 1954 "Mji wa Kiarabu wa Gedi". Ndivyo ilivyofikiriwa enzi hizo: penye jiwe na msikiti, lazima pawe na mgeni. Baadaye, katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, kwenye kisiwa hicho hicho cha Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti iliyofuatana tangu karne ya 8. Jengo lilikua pale pale, kutoka mti hadi jiwe, mikononi mwa wenyeji waliosilimu na kufanya biashara na dunia. Dini ilitoka Arabuni. Nyumba yake ilijengwa hapa. Na kama bado una shaka, tazama juu ya tao la mlango wa upande wa mashariki wa msikiti wa Gedi: limechongwa mkuki.

Yuko shahidi mmoja aliyeziona pande zote mbili. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kama 20 baadaye akafika Granada, wakati Alhambra ikiendelea kujengwa. Kuhusu Mombasa anaeleza visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti na watu waliotawadha miguu kabla ya kuingia. Gedi utaonyeshwa kisima na birika kando ya msikiti. Lakini kuhusu Kilwa anasema majengo ni ya mbao, ilhali msikiti mkuu wa mawe ulikuwa umesimama tayari. Mpe mwanafunzi tatizo hilo alitatue. Atajifunza kwamba maandishi na mawe husahihishana, na atamsoma hata mshairi wa Pate kwa macho makali zaidi.

Na ukimsoma hivyo, utaona kwamba yeye ni shahidi makini. Nyumba ya mawe ikiachwa, hufa kwa utaratibu. Mchwa na mvua hula boriti. Boriti zikikatika paa huanguka. Kuta, kwa kuwa ni nene, husimama miaka mingi bila kifuniko. Ndipo kidaka kinapobaki wazi kwa anga, kikavu kidogo, salama kwa kiota. Makinda ya mshairi yako pale hasa ambapo yangekuwa.

Usipopata nauli, pima mita 3 kwa chaki sakafuni mwa darasa, uwaombe wanafunzi wapange humo kitanda, sanduku na watu. Kisha uwapeleke Thimlich Ohinga, Migori, ambayo tunaweza kwenda na kurudi siku moja, nayo imo katika orodha ya UNESCO tangu 2018. Kuta zake, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, zimepangwa bila chokaa hata chembe, jiwe likikamatana na jiwe, na mahali pengine zinapita mita 4. Waulize: hapa ambapo ukuta haukubeba paa, ni kitu gani kilichoanza kuanguka, na mtunzi wa Kijaluo angemweka wapi ndege wake?