Fedha za Mwenzio Zina Sauti

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msikilizaji, methali hiyo ilinijia hivi karibuni nilipokuwa Vuga, huko milimani Usambara. Kijana mmoja, ambaye pamoja na wenzake wanne anakamua juisi ya matunda, aliniuliza: "Mzee, tumepata mtu wa Dar es Salaam anataka kutia fedha. Tubaki ubia, au tuandikishe kampuni?"

Nilimjibu kwa historia.

Mwaka 1884 Carl Peters na wenzake waliunda chama mjini Berlin, wakaja huku kuwatilisha machifu alama kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Mwaka 1885 walipata hati ya ulinzi ya Kaisari. Lakini hati haijengi bohari, fedha zilitakiwa. Wakaunda ubia ambamo waendeshaji walibeba dhamana ya madeni, na watoa fedha walihatarisha kile walichotoa tu. Peters akawa na madaraka makubwa. Mwaka 1887 Kaisari alitoa marki 500,000. Ubia ukageuzwa kampuni yenye baraza la uongozi, na Peters hakuwa tena na neno la mwisho.

Reli nayo ni hivyo hivyo. Kampuni iliyoanza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 iliishiwa fedha Muheza. Serikali ya Ujerumani ikaichukua mwaka 1899, ikaifikisha Mombo, chini ya milima hii, mwaka 1905. Aliyeleta fedha ndiye aliyekuwa mwenyewe.

Na watu wa Vuga, ambao ardhi yao ndiyo ilikuwa mtaji? Hawakuwa na hisa hata moja. Mtawala wao, Mputa, Wajerumani walimnyonga mwaka 1895.

Basi nikamwambia kijana: katika ubia wa kawaida, mwenzako akikopa kwa ajili ya biashara, mdai anaweza kufika hadi shambani kwako. Kampuni yenye hisa, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ni mtu mbele ya sheria. Deni lake ni lake, isipokuwa umeweka dhamana kwa jina lako. Lakini hisa ni kura pia. Mwenye zaidi ya nusu anaweza kuwaondoa wakurugenzi, hata kama ninyi ndio mlioanzisha.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo tumpe hisa ngapi?"

Hilo, nikamwambia, ndilo swali la kwanza. Lijibuni kwa maandishi kabla fedha hazijaingia.