Vipele baada ya kung'oa nywele za mwili

Vipele baada ya kung'oa nywele za mwili ni vivimbe vidogo vinavyotokea kwenye ngozi, saa chache hadi wiki kadhaa baada ya nywele kuondolewa kwa nta, kwa sukari iliyochemshwa au kwa wembe. Hutokea zaidi kwapani, kwenye kinena na miguuni. Kwa wanaume hutokea pia kidevuni na shingoni. Mara nyingi hupona bila dawa. Hata hivyo, kwenye ngozi nyeusi kila kipele kinaweza kuacha doa linalodumu miezi mingi, na krimu zinazonunuliwa ili kuondoa madoa hayo huweza kuleta madhara makubwa kuliko vipele vyenyewe.

Ukali wa tatizo hutegemea namna nywele zilivyoondolewa, aina ya nywele na hali ya hewa. Mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni mfano mzuri: mtu wa Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, hupata vipele kwa sababu tofauti kidogo na ndugu yake anayeishi bondeni kando ya Ziwa Rukwa.

Aina na sababu

Unywele unapong'olewa na shina lake, kinyweleo hubaki wazi kama kidonda kidogo sana. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi kwa saa kadhaa, na vinundu vidogo visivyo na usaha hujitokeza. Hali hiyo ni ya kawaida na kwa watu wengi huisha ndani ya siku moja au mbili.

Vipele vyenye usaha, ambavyo huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kwa kawaida husababishwa na bakteria wa jamii ya stafilokoka. Bakteria hao huishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi bila kuwadhuru, ila hupata njia ya kuingia kinyweleo kinapokuwa wazi. Mikono michafu, taulo la kuchangia, jasho na nguo za kubana huwarahisishia kazi.

Aina ya tatu huchelewa wiki moja hadi tatu. Hapo unywele mpya, badala ya kutoka nje, hujikunja na kuota ndani ya ngozi, nao mwili huupiga vita kama unavyoupiga vita mwiba. Nywele za Waafrika wengi hutoka kwenye vinyweleo vilivyopinda na huwa za kujikunja, kwa hiyo aina hii ni ya kawaida sana Afrika Mashariki. Nta huongeza hatari pale inapoukata unywele chini ya ngozi badala ya kuung'oa wote, kwa sababu kipande kinachobaki kina ncha kali. Wembe hufanya hivyohivyo, hasa mtu anapoivuta ngozi huku ananyoa ili ibaki laini kabisa. Vipele vya kidevuni ambavyo wanaume wengi hulaumu mashine ya kinyozi kwa sehemu kubwa ni vya aina hii.

Nta, sukari na wembe

Kuondoa nywele za kwapani na za sehemu za siri ni desturi ya kale katika pwani ya Waswahili, ambako huhesabiwa pia kuwa sehemu ya usafi wa Kiislamu. Mafundisho hayo yanataka muda wa siku arubaini usipitilizwe. Visiwani Zanzibar na Omani sukari huchemshwa pamoja na maji ya ndimu au limau hadi iwe nzito kama ulimbo, kisha hupakwa na kuvutwa. Waarabu huiita halawa. Bara, wembe na mashine ndivyo vinavyotumika zaidi, na nta ya saluni imeenea mijini.

Nta ya saluni si nta tupu ya nyuki, ingawa Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazozalisha nta ya nyuki kwa wingi, na misitu ya miombo ya magharibi mwa nchi ina mizinga mingi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, joto linaloweza kuunguza ngozi, na peke yake haishiki nywele vizuri. Nta ya kung'olea huchanganywa na utomvu wa miti kama msonobari, ili inate vizuri na itumike ikiwa na joto dogo zaidi.

Wanaochemsha sukari nyumbani Sumbawanga wana jambo moja la ziada la kuzingatia. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 94 badala ya 100. Shira nayo hufikia uzito unaotakiwa ikiwa na joto pungufu kwa nyuzi kama sita kuliko pwani. Anayefuata kipimo cha joto kilichoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam atapata sukari ngumu, inayokatika na kukata nywele badala ya kuzing'oa. Ni salama zaidi kupima kwa kudondosha tone kwenye maji baridi. Kwa vyovyote vile sukari hiyo hupita nyuzijoto 100, tena hung'ang'ania mwilini, kwa hiyo hupakwa ikiwa imepoa na kubaki vuguvugu tu.

Hali ya hewa ya Ufipa

Mvua za Ufipa hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi mikavu, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi na usiku huwa na baridi kali na upepo. Ngozi hukauka na kupauka, na tabaka la seli zilizokufa huziba midomo ya vinyweleo. Nywele mpya zikikuta mlango umefungwa huota kwa ndani. Kuoga maji ya moto sana, jambo linaloeleweka katika baridi hiyo, huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuongeza ukavu. Masweta ya sufi na suruali nzito husugua sehemu zilizong'olewa.

Chini ya ukuta wa Lyambalyamfipa, katika Bonde la Rukwa, na upande wa pili kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Kasanga na Kirando, mambo ni kinyume. Maeneo hayo yako karibu mita 1,000 chini ya uwanda na yana joto. Adui wa huko ni jasho na msuguano, na vipele vya usaha ndivyo vya kutazamiwa zaidi. Mtu aliyeng'oa nywele asubuhi Sumbawanga akateremka bondeni mchana ndani ya basi lililojaa huwa amekutana na hali zote mbili kwa siku moja.

Maandalizi

Nywele zinatakiwa ziwe na urefu wa karibu nusu sentimita, yaani kama punje ya mchele. Zikiwa fupi zaidi nta haizishiki, na zikiwa ndefu mno huvutwa kwa maumivu na kukatika, hivyo hupunguzwa kwanza kwa mkasi. Siku moja au mbili kabla, ngozi husuguliwa taratibu kwa dodoki au kitambaa laini. Siku yenyewe huoshwa kwa sabuni isiyo kali na kukaushwa kabisa, kwa kuwa nta haishiki penye maji wala mafuta.

Nta hupakwa kufuata upande nywele zinakoelekea na huvutwa upande wa pili, sambamba na ngozi, si kuelekea juu. Sehemu moja isivutwe mara nyingi. Kijiti kilichogusa ngozi hakirudishwi ndani ya chungu cha nta: joto la nta inayopakwa halitoshi kuua vijidudu, na chungu kimoja huhudumia wateja wengi. Mteja ana haki ya kudai vijiti vipya. Kwa wembe sharti ni kali zaidi, kila mtu na wake, kwa sababu damu kidogo isiyoonekana inaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na hata virusi vya UKIMWI.

Wapo wasiopaswa kung'oa kwa nta kabisa bila ushauri wa mtaalamu. Wanaotumia dawa za chunusi za jamii ya retinoidi, za kumeza au za kupaka, wanaweza kuchubuka ngozi nzima pamoja na nywele. Hali kadhalika waliotumia mkorogo kwa muda mrefu, maana ngozi yao imekuwa nyembamba. Wagonjwa wa kisukari, wenye mishipa ya miguu iliyovimba na wanaopata makovu makubwa yaliyoinuka nao wamo katika kundi hilo.

Saa 48 za kwanza

Kipindi hiki ndicho chenye uzito mkubwa kuliko vingine. Kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji baridi huwekwa juu ya ngozi kwa dakika 10 hivi ili kupunguza joto na uvimbe. Baadaye ngozi huachwa ipumue ndani ya nguo pana za pamba. Maji ya moto, mazoezi mazito, jua kali, marashi na dawa ya kuzuia jasho huahirishwa. Kwa nywele za kinena, tendo la ndoa nalo husubiri, kwa sababu ya msuguano.

Mafuta mazito ya mgando, ambayo ni rafiki wa kila nyumba wakati wa baridi ya Ufipa, hayapakwi siku hiyo kwa kuwa hunasa jasho na vijidudu kwenye vinyweleo vilivyo wazi. Losheni nyepesi isiyo na manukato, au glisirini iliyochanganywa na maji safi, hutosha. Maji ya ndimu hayafai: yakikutana na jua huweza kubabua ngozi na kuacha doa jeusi. Dawa ya meno, spiriti na dawa kali ya kuulia vijidudu isiyochanganywa na maji huunguza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kusugua kwa upole mara mbili au tatu kwa wiki na kupaka mafuta kila baada ya kuoga huzifungulia njia nywele mpya. Krimu yenye asidi ya salisili kiasi kidogo husaidia kazi hiyo. Unywele ulioonekana chini ya ngozi haukamuliwi wala kuchokonolewa kwa pini. Huwekewa kitambaa cha maji ya vuguvugu hadi ncha itokeze yenyewe. Hakuna kung'oa tena hadi vipele vipone. Anayepata vipele kila mara anaweza kuacha kabisa na kupunguza nywele kwa mkasi, jambo ambalo halina madhara yoyote kiafya.

Madoa na mkorogo

Doa linalobaki si uchafu wala ugonjwa, bali ni rangi ya ziada iliyotengenezwa na ngozi wakati wa uvimbe. Hufifia lenyewe kwa miezi, mradi vipele vipya visiongezeke. Wengi hukosa subira hiyo. Hununua krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni. Steroidi hutuliza muwasho kwa siku mbili tatu, na hapo ndipo mtego ulipo: ngozi hupungua unene, michirizi hutokea kinenani na kwapani, fangasi husambaa, na vipele hurudi kwa wingi mara dawa inapoachwa.

Nchini Tanzania viambato hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi. Udhibiti ulikuwa chini ya mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Steroidi hubaki halali kama dawa inayoandikwa na tabibu. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea mikoa mingine ikiwemo Rukwa, yana wahudumu waliopata mafunzo wanaoweza kuulizwa kabla ya kununua.

Magonjwa yanayofanana

Si kila kipele baada ya kunyoa kimetokana na kunyoa. Upele huwasha zaidi usiku na kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Fangasi hufanya duara lenye ukingo ulioinuka. Kivimbe chenye tundu dogo katikati, kinachotekenya kana kwamba kuna kitu kinatembea, huweza kuwa funza wa nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje. Kupiga pasi nguo zote pamoja na mishono yake huyaua mayai hayo.

Mgonjwa anatakiwa kufika kituo cha afya akiwa na homa, wekundu unaotanuka, jipu kubwa lenye maumivu, mitoki iliyovimba, au vipele visivyopona kwa wiki mbili. Mgonjwa wa kisukari asisubiri muda huo. Kutoka Sumbawanga wagonjwa wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma. Wataalamu wa ngozi wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika hufundishwa katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992.