Star Wars: Filamu ya utangulizi iliyowagawa mashabiki

MEI 19, 1999 kumbi za sinema nchini Marekani zilianza kuonyesha filamu ya “Star Wars: Episode I – The Phantom Menace”, iliyoandikwa na kuongozwa na George Lucas. Mashabiki walikuwa wameisubiri kwa miaka 16, tangu ilipotoka “Return of the Jedi” mwaka 1983. Ilipotoka hatimaye, iliingiza zaidi ya dola za Marekani milioni 920 duniani kote katika maonyesho yake ya awali na kuongoza kwa mapato miongoni mwa filamu zote za mwaka huo. Gharama za kuitengeneza zilikuwa takriban dola milioni 115.

Pamoja na mafanikio hayo, wengi waliotoka ukumbini walikuwa na hisia mchanganyiko. Wapo waliosema wametazama maajabu, na wapo waliosema wameporwa hadithi waliyoipenda tangu utotoni. Si wachache waliosema yote mawili kwa pamoja. Ubishi huo umeendelea kwa zaidi ya robo karne.

Kwa watazamaji wa Mbeya na Iringa, ambako kwa miaka mingi filamu za kigeni zimefika kwa kanda na diski, mjadala huo una sura yake ya pekee. Swali lililo ndani yake linawahusu pia kwa njia nyingine: nini hutokea pale mwanzo unaposimuliwa kwa watu wanaoujua mwisho?

Maana ya utangulizi

Filamu ya utangulizi ni ile inayotengenezwa baadaye lakini ikasimulia mambo yaliyotokea kabla. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilitoka Mei 25, 1977, ikafuatiwa na “The Empire Strikes Back” mwaka 1980 na “Return of the Jedi” mwaka 1983. Katika mfululizo wa hadithi, hizo ni sehemu ya nne, ya tano na ya sita. Lucas aliporudi mwaka 1999 alianza na sehemu ya kwanza, kisha akatoa “Attack of the Clones” mwaka 2002 na “Revenge of the Sith” mwaka 2005.

Lengo lilikuwa kueleza jinsi Anakin Skywalker, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa mtumwa katika sayari ya jangwa ya Tatooine, alivyokuja kuwa Darth Vader, mtu mwovu aliyevaa kofia na vazi jeusi. Mtazamaji aliyeziona filamu za mwanzo aliingia ukumbini akijua hatima ya mtoto huyo. Mvuto ulibaki katika njia ya kumfikisha huko.

Matarajio yalikuwa makubwa kupita kiasi. Novemba 1998, tangazo fupi la filamu hiyo lilipoanza kuonyeshwa kabla ya filamu nyingine, baadhi ya mashabiki Marekani walilipa kiingilio kamili ili kulitazama tangazo tu, kisha wakaondoka.

Yaliyolalamikiwa

Lalamiko la kwanza lilihusu Jar Jar Binks, kiumbe mwenye masikio marefu aliyetengenezwa kwa kompyuta na kuchezwa na Ahmed Best. Watazamaji wengi wazima walimwona kuwa kichekesho kisicho na mahali pake. Wakosoaji wengine walikwenda mbali zaidi, wakidai kwamba lafudhi na mwendo wake vinawadhihaki watu weusi wa visiwa vya Karibi. Watengenezaji walikanusha dai hilo.

La pili liligusa imani yenyewe ya hadithi. Katika filamu za awali, ile Nguvu inayowapa mashujaa uwezo ilielezwa kuwa kani inayotoka kwa viumbe hai wote na kuufunga ulimwengu pamoja. Katika filamu ya mwaka 1999, damu ya Anakin inapimwa ili kuhesabu vijidudu viitwavyo “midi-chlorian”, na hesabu hiyo inachukuliwa kuwa kipimo cha uwezo wake. Kwa mashabiki wengi, jambo lililokuwa la roho na nidhamu likageuzwa kuwa la maabara na nasaba.

La tatu lilihusu siasa. Maandishi ya mwanzo, yanayopanda taratibu kuelekea angani, yanatangaza mgogoro wa kodi katika njia za biashara. Shirikisho la wafanyabiashara limeizingira sayari ndogo ya Naboo kwa meli zake za vita, na sehemu kubwa ya mazungumzo inahusu Baraza la Seneti. Waliotaka vita vya anga waliona wamewekwa darasani.

Yaliyosifiwa

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja zake. Mashindano ya vyombo vya mwendo kasi kule Tatooine yalisifiwa hata na baadhi ya waliochukia mengine yote. Pambano la mwisho kati ya Qui-Gon Jinn, Obi-Wan Kenobi na Darth Maul, aliyechezwa na Ray Park kwa upanga wa mwanga wenye ncha mbili, lilihesabiwa kuwa bora kuliko mapambano yote ya panga yaliyotangulia. Muziki wa John Williams, wenye kwaya inayoimba kwa Kisanskriti, ulidumu hata baada ya malumbano kupoa.

Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar katika sauti na picha za kompyuta. Zote tatu zilichukuliwa na “The Matrix”, filamu nyingine ya kisayansi ya mwaka huohuo. Kwa mashabiki waliokwishakata tamaa, matokeo hayo yalikuwa kama uthibitisho kwamba zama zimebadilika.

Safari ya kufika Nyanda za Juu Kusini

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kufikia wakati huo kumbi nyingi za zamani za sinema katika miji ya mikoani zilikuwa zimefungwa au kugeuzwa matumizi. Kumbi mpya za kisasa zilizofunguliwa baadaye zilijikita zaidi Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya.

Nafasi iliyoachwa ilijazwa na mabanda ya video, ambayo wenyewe waliyabatiza jina la vibanda umiza: runinga, deki, mabenchi na kiingilio kidogo. Bidhaa zilipanda kwa mabasi kutoka Kariakoo, kwanza kanda, kisha VCD na DVD. Hakukuwa na siku ya uzinduzi wala tangazo la kusubiriwa kwa miezi.

Mazingira hayo yanabadilisha maana ya utangulizi. Diski iliyoandikwa namba moja huwekwa mbele ya zile za namba nne, tano na sita. Anayeanza na namba moja hukutana na Anakin kama mtoto mwema asiye na doa, wala hana sababu ya kumwogopa. Hata hivyo, akifika filamu ya mwaka 1980, ile siri ya Darth Vader kuwa baba yake Luke, iliyowashtua watazamaji wa wakati wake, kwake ni habari ya zamani. Anapata mkasa wa kuporomoka kwa mtu na kupoteza mshangao. Shabiki wa Marekani alipitia kinyume chake.

Kikwazo kingine ni lugha. Maandishi ya mwanzo ni ya Kiingereza na hupita haraka, na hoja za Seneti haziwezi kufahamika kwa kutazama picha peke yake. Hapo ndipo ilipojitokeza kazi ya watafsiri wa filamu, waliorekodi sauti zao kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Miongoni mwa walioipa kazi hiyo umaarufu nchini ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa aina hiyo hafasiri neno kwa neno. Hueleza, hufupisha, hutania na kuwapa wahusika tabia zinazotambulika mtaani.

Marekani nako shabiki mmoja alifanya jambo la kufanana na hilo. Mwaka 2001 lilisambaa toleo lisilo rasmi la filamu hiyo, lililokatwa upya, likawa fupi zaidi na kumpunguzia Jar Jar nafasi yake. Pande zote mbili zilidai haki ileile, ya mtazamaji kuirekebisha hadithi aliyopewa, na zote zilikabiliwa na swali la hakimiliki. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, mwaka uleule wa filamu hiyo.

Afrika Mashariki ndani ya Star Wars

Ukanda huu haukuwa mtazamaji tu. Katika “Return of the Jedi”, rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb anazungumza lugha inayodhaniwa kuwa ya sayari ya mbali. Sauti hiyo ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi kutoka Kenya, na wasikilizaji wanaojua Kikikuyu huyatambua maneno yake. Kilichokuwa sauti ya kigeni kwa wengine kilikuwa lugha ya nyumbani kwao.

Hata siasa zilizowachosha mashabiki wa Marekani zinaweza kusomeka tofauti Mbeya. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 11, 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba, na malori yakaijaza barabara inayopita Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mji uliokua kando ya njia hiyo hauhitaji kuelezwa kwa nini kufungwa kwa njia ya biashara ni jambo la kufa na kupona.

Mfano wa Kalenga na Utengule

Iringa ina hadithi yake ambayo mwisho wake unajulikana na kila mtoto wa shule. Mkwawa aliwashinda Wajerumani huko Lugalo Agosti 17, 1891, ngome yake ya Kalenga ikatekwa Oktoba 1894, naye akajiua Julai 19, 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa Juni 1954 na linahifadhiwa Kalenga.

Utangulizi wa hadithi hiyo upo: habari za baba yake, Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Wahehe, na ugomvi wa kurithi madaraka uliozuka baada ya kifo chake, uliomlazimu kijana Mkwavinyika kukimbia kabla ya kurudi na kutwaa utawala. Msimulizi atakayemwonyesha kijana huyo akiogopa na kukosea atakuwa amemfanya binadamu kamili. Msimulizi atakayesema kwamba ushujaa wa Lugalo ulikuwa tayari katika damu yake, kama ile hesabu ya vijidudu, atakuwa amemnyang'anya uamuzi wake na jasho la askari wake.

Hadithi hiyohiyo ikianzia upande wa Mbeya hubadilika tena. Wasangu wa mtemi Merere walifukuzwa na Wahehe kutoka nchi yao ya Usangu na kuishi uhamishoni Utengule, karibu na Mbeya ya leo, na baadaye wakashirikiana na Wajerumani ili warudi kwao. Kwao, shujaa wa Kalenga alikuwa mvamizi. Anayechagua mahali pa kuanzia hadithi anachagua pia nani atahurumiwa. Ndiyo maana mashabiki walikasirika Lucas alipouhamisha mwanzo: waliona anaigusa hukumu waliyokwisha kuitoa mioyoni.

Hukumu inayobadilika

Muda umewapatanisha wengi. Watoto walioitazama filamu hiyo mwaka 1999 wamekuwa watu wazima, na kwao Jar Jar na Darth Maul ni kumbukumbu za utoto, sawasawa na Luke Skywalker kwa wazazi wao. Lucas aliiuza kampuni yake kwa Disney mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni nne, na mwaka huohuo filamu hiyo iliporudishwa kumbini ilivuka jumla ya dola bilioni moja. Mei 2024 ilionyeshwa tena kuadhimisha miaka 25.

Gharama ya hasira hiyo ilibebwa na watu. Mwaka 2018 Ahmed Best alieleza hadharani kwamba kejeli alizopata zilimfikisha karibu na kujiua. Mwaka 2023 alirejea katika tamthilia ya “The Mandalorian” akicheza mpiganaji wa Jedi, na mashabiki wakampokea kwa shangwe.

Kwa anayetaka kuzitazama filamu hizo sita sasa, njia inayolinda mshangao ni kufuata mwaka wa kutoka: 1977, 1980, 1983, kisha 1999, 2002 na 2005. Anayetaka kufuatilia maisha ya Anakin tangu utumwani hadi kifo chake ataanza na namba moja. Njia zote mbili ni halali, ila mtazamaji azichague akijua kila moja inampa nini na inamnyima nini.