Minara ya simu, nyuki na ndege: lipi kweli, lipi uzushi?

Wadau, hii ishu haiishi. Mnara wa simu unasimamishwa kijijini, msimu unaofuata miembe inapukutisha maua, mizinga inabaki mitupu, basi lawama zote kwa mnara. Wengine wanacheka, wengine wanaapa. Hebu tuangalie watafiti wamepata nini hasa.

TUANZE NA NAMBA
Umeme ukipita kwenye waya au antena, unajenga uga wa umeme na sumaku kuizunguka. Umeme wa majumbani una masafa ya hezi 50. Redio za AM (masafa ya kati) zinarusha kwenye nusu megahezi hadi megahezi 1.6 hivi. Simu ziko juu kabisa: megahezi 900, 1800 na kuendelea. Zishike hizi namba, zina kazi huko mbele.

NYUKI
Mwezi Aprili 2007 gazeti la The Independent la Uingereza liliandika kwamba huenda simu za mkononi ndizo zinazomaliza nyuki. Habari ikazunguka dunia nzima. Kumbe utafiti wenyewe, uliofanyika Landau, Ujerumani, haukuhusu minara wala simu za mkononi! Watafiti waliweka vitako vya simu za nyumbani zisizo na waya ndani ya mizinga, na wakalalamika kuwa kazi yao imepotoshwa. Mwaka 2011 Daniel Favre wa Uswisi aliweka simu zinazoita ndani ya mizinga, nyuki wakatoa sauti ya kuhangaika. Sawa, lakini nani anafuga nyuki na simu ndani ya mzinga? Wauaji wanaojulikana ni kupe wa nyuki aitwaye varoa, virusi, dawa za kuulia wadudu na uhaba wa maua.

MIMEA
Mwaka 2013 wasichana wa darasa la tisa huko Hjallerup, Denmark, waliotesha mbegu za mboga ya kresi. Trei 6 ziliwekwa karibu na ruta za intaneti, nyingine 6 chumba kingine. Baada ya siku 12 zile za karibu na ruta zilikuwa hoi. Picha zilisambaa sana. Tatizo ni kwamba ruta inatoa joto, na joto linakausha udongo. Kabla ya kulaumu mawimbi ilibidi joto na unyevu viwe sawa pande zote mbili.

NDEGE: HAPA PANA KITU
Kwenye Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, timu ya Henrik Mouritsen ilishangaa kuona robini, ndege wadogo wa kifua chekundu, wanashindwa kujua waelekee wapi msimu wa kuhama ukifika. Vibanda vyao vya mbao vikafunikwa kwa bati za alumini zilizounganishwa na ardhi. Bati hizo zinazuia mawimbi ya redio ila zinaruhusu sumaku ya dunia kupita. Ndege wakapata njia! Waya wa ardhini ukichomolewa, wanapotea tena. Majaribio yalirudiwa kwa miaka kadhaa, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2014.

Mkosaji alikuwa kelele za mawimbi kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, yaani zinazotoka kwenye vifaa vya umeme na redio za AM. Nje ya mji ndege hawakuhitaji hata bati.

Watafiti wakaendelea na ndege mwingine, mdogo wa kijivu, ambaye dume lake lina utosi mweusi. Huyu si mgeni kwetu, baadhi yao hukimbilia Afrika Mashariki baridi ikianza kwao. Matokeo ya 2022 yalionyesha kuwa megahezi 75 hadi 85 zinamvuruga. Ya 2023 yakaonyesha kuwa 140 hadi 150, na 235 hadi 245, hazimfanyi kitu. Sasa rudi kwenye namba za juu: simu ziko mbali kabisa na hapo. Inaaminika dira yao ni protini ya machoni iitwayo kriptokromu, ambayo inavurugwa na masafa ya chini tu.

KINACHOUA WAZIWAZI
Ni umeme wenyewe. Tai akitua kwenye nguzo na mabawa yake yakagusa nyaya mbili, amekwisha. Karibu na Port Sudan, laini moja iliyojengwa miaka ya 1950 iliua tai wengi sana hadi ilipozimwa mwaka 2014. Dawa yake ni nguzo zenye nafasi pana na nyaya zilizofunikwa.

KWA HIYO UFANYE NINI?
Mwembe ukinyauka karibu na mnara, angalia kwanza: je, mizizi ilikatwa wakati wa kuchimba msingi? Udongo umeshindiliwa na malori? Dizeli ya jenereta imemwagika? Maua yana ukungu? Mzinga ukiwa mtupu, kagua varoa na uulize jirani kapulizia dawa gani. Ukikomaa na mnara tu, mdudu anaendelea kula taratiiibu, na msimu ujao huna asali.

Mwenye shamba au mizinga karibu na mnara atupe uzoefu wake kwenye maoni hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.